Naomba ushauri: vipande vya ubongo wa panya vinatoka na matundu

Habari wakuu. Mwanafunzi wa chuo yuko kwenye maabara ya ugonjwa wa Parkinson huko Marekani kwa wiki 10 za kiangazi. Kazi yake ni kuhesabu seli zinazotoa dopamini (kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo) katika substansha nigra, sehemu ya ubongo inayoathirika na ugonjwa huo. Ubongo unalala kwenye paraformaldehidi 4% (dawa ya kuhifadhi tishu), unahamia sukrosi 30% (maji ya sukari ya kupunguza barafu), unagandishwa, kisha unakatwa vipande vya mikroni 40. Vinatoka na vitundu kama sponji, na seli hazihesabiki. Nashuku chembe za barafu: ama ubongo ulitolewa kwenye sukrosi kabla haujazama chini kabisa, yaani kabla sukari haijaingia vizuri, ama uligandishwa polepole ndani ya friza. Mnaotumia isopentani (kimiminika baridi cha kugandishia haraka), mnaipoza hadi nyuzi ngapi? Na ubongo ulioharibika hivi unaokoleka, au aombe mwingine mapema?