Zabuni za serikali: tunamlinda mfanyabiashara au tunalinda ajira ya kiwandani?

Wenzangu, naomba tulijadili hili kwa hoja. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inawapa Watanzania kipaumbele kwenye zabuni, na asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ya kila taasisi hutengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ila mimi naona tunauliza swali moja tu: kampuni ni ya nani? Bidhaa yenyewe, mfano shuka la hospitali, imefumwa wapi, hatuulizi kwa ukali uleule. Hata Kenya, sheria yao ya 2015 inamtaka mzabuni wa kigeni apate angalau asilimia 40 ya mahitaji yake kutoka kwa wakandarasi raia. Katika sharti hilo, anayehesabiwa ni muuzaji.

Nina vyerehani vinne Morogoro. Tuliwahi kuomba zabuni ya mashuka ya wodi. Aliyeshinda ni Mtanzania kama sisi, leseni na TIN vyote safi. Mashuka aliyatoa Kariakoo kwa marobota, lebo za kiwanda cha nje zikiwa bado pindoni. Hakuvunja sheria yoyote, na bei yake ilikuwa chini ya yetu. Mimi nikawarudisha nyumbani mabinti wawili niliokuwa nimewafundisha kushona. Na pamba yetu ya Simiyu na Shinyanga, sehemu kubwa inaondoka nchini bila kusokotwa.

Hoja ya upande wa pili ina uzito, siikwepi. Hospitali ikinunua ghali itanunua machache, na anayeumia ni mgonjwa. Kiwanda chenye soko la uhakika nacho huzembea. Waliopanga foleni kwenye maduka ya RTC, yale ya kampuni za biashara za mikoa za serikali enzi za uhaba wa bidhaa, wanalijua hilo vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo siombi milango ifungwe. Naomba anayetathmini zabuni aangalie uzi, kitambaa na ushonaji vimefanyika wapi, viwango vya TBS (Shirika la Viwango) visilegezwe, na bidhaa iliyotengenezwa hapa ipewe nafuu ya bei inayojulikana mapema na yenye ukomo wa miaka.

Halafu malipo! Hapa ndipo tunapomalizwa. Sare tulizowahi kushonea taasisi moja zililipwa baada ya miezi tisa, na kitambaa tulikuwa tumekikopa. Muagizaji mkubwa ana mtaji wa kusubiri. Fundi anadaiwa kodi ya chumba na ada ya mtoto, hana pa kusubiria. Kipaumbele kisicho na tarehe ya malipo kinatuingiza kwenye madeni tu.

Maafisa manunuzi na wenye viwanda, nisaidieni kwenye kiwango: nafuu ya asilimia ngapi inabebeka bila kumuumiza mgonjwa? Mimi nasema kumi kwa mashuka na sare. Kwa dawa, sifuri.