Tovuti ya biashara yako: ulilipa ngapi, ulipata nini, na mwaka wa pili ikawaje? Tupeane uzoefu

Mama Viungo, Tabata

Wakuu, salaam. Nasaga na kufungasha viungo vya chai na pilau. Nauzia maduka ya mtaani, sasa nataka kuingia supamaketi. Meneja mmoja kanipokea vizuri, kanusa, kasifia, halafu akauliza, "Tovuti yenu ni ipi?" Nikabaki najichekesha.

Nimeomba bei kwa watu watatu. Wa kwanza Sh 250,000, wa pili Sh 900,000, wa tatu Sh 3,200,000. Wote wameandika maneno yale yale: tovuti ya kisasa, kurasa tano, inafunguka vizuri kwenye simu. Kitenge nikikipeleka kwa mafundi watatu, watapishana elfu kumi, ishirini. Hapa wamepishana bei ya bodaboda mpya! Mliokwisha kupita njia hii, hela inakwenda wapi? Msinitajie kampuni, nitajieni hesabu.

Fundi Sofa, Keko

Dada, mimi nilichukua ya bei ya chini. Sh 300,000, kijana mchangamfu, siku nne kazi imeisha. Nikafurahi mpaka nikaiandikisha anwani ya tovuti ubavuni mwa kirikuu yetu ya kupelekea mizigo, herufi kubwa za njano, na kwenye vitabu vya risiti.

Mwaka ulipokatika, tovuti ikazima. Nampigia kijana, namba haipatikani. Ulikuwa msimu wa harusi, oda zimejaa, nikasema nitalishughulikia nikipumua. Miezi mitatu mbele mteja wangu wa Mbezi ananipigia usiku: "Fundi, siku hizi unachezesha kamari?" Nafungua, nakuta mambo ya kubeti, maandishi ya Kichina juu mpaka chini.

Ndipo nikaelezwa kwamba jina la tovuti, yaani domeini, halinunuliwi likaisha. Unalilipia mwaka kwa mwaka kama kodi ya fremu. La .com lisipolipiwa, kwa kawaida unapewa wiki kadhaa za kulilipia kwa bei ile ile. Zikipita, kuna siku 30 za kulikomboa kwa faini nzito, kisha siku 5, halafu linaachiwa, yeyote achukue. Na hata ningewahi nisingefua dafu, maana kijana alilisajili kwa jina lake na barua pepe yake. Kwenye karatasi mimi sikuwepo.

Nilimpa dogo brashi na kopo la rangi nyeupe afute kirikuu. Nyeupe ile haikufanana na nyeupe ya gari, mkipita Keko mtaona kiraka. Sasa nina .co.tz, imesajiliwa kwa barua pepe yangu, nailipia mwenyewe kwa simu Sh 25,000 kwa mwaka. Hela ya chipsi kuku za watu watatu ndiyo iliyonipotezea jina.

Mzee wa Safari, Arusha

Pole sana fundi. Mimi sikupunjwa kwenye bei, nilipunjwa na uvivu wangu.

Nilitengenezewa kwa dola 1,200, na watu wakanicheka. Kwangu si nyingi, kundi moja la wageni linarudisha. Shida ni kwamba nilipoulizwa "maneno na picha ziko wapi?" nilijibu, "Weka tu za mtandaoni, utabadilisha baadaye." Akaweka. Ukurasa wa mbele, picha kubwa kuliko zote, chui milia anakunywa maji mtoni. Chui milia, ndugu zangu! Mnyama wa Asia! Kakaa hapo wiki saba chini ya neno Serengeti, na mimi kila siku napita nikiangalia kama namba ya simu ni sahihi. Mgeni mmoja akaniandikia kwa adabu kabisa kuuliza anaonekana zaidi mwezi gani.

Nikatafuta mpiga picha, nikamlipa yeye na dada wa kuandika maelezo kwa Kiingereza kilichonyooka. Sh 850,000 nyingine, haikuwa kwenye bajeti. Hakuna fundi aliyeiandika kwenye bei yake, na kwa kweli haikuwa kazi yake.

Saluni Umoja, Nairobi

Huku kwetu developa alinichaji KSh 20,000, na kazi ilikuwa safi. Hostingi, yaani kodi ya mahali tovuti inapokaa mtandaoni, mwaka wa kwanza ilikuwa na ofa, mimi nikadhani hiyo ndiyo bei. Mwaka wa pili ikaja mara tatu. Mama, uliza bei ya mwaka wa pili, usidanganyike na ile ya kukaribishwa.

Mpika Tovuti

Mnatusema, acha na sisi tuseme. Hii ndiyo kazi yangu.

Programu yenyewe mara nyingi hatuinunui. WordPress ipo tangu 2003 na ni bure. Kile kikufuli kwenye anwani, yaani SSL, nacho kwa tovuti ya kawaida ni bure. Let's Encrypt wanakitoa bila malipo tangu 2015, na hostingi nyingi zinakiweka zenyewe. Mtu akikuandikia laki na nusu ya "usalama wa SSL", muulize kwa upole ni upi huo. Zinabaki domeini, hostingi (wateja wangu wadogo wako kwenye ya Sh 120,000 kwa mwaka) na muda wangu. Unachonilipa hasa ni muda.

Ya 250,000 ni templeti. Nafuta jina la mwenye duka la vipodozi, naweka lako, jioni mbili nimemaliza. Si wizi ilimradi nimekwambia. Wizi ni kukuwekea templeti ya kulipia iliyovunjwa kufuli, iliyoshushwa bure vichochoroni. Hizo mara nyingi zina mdudu ndani, baada ya miezi kadhaa tovuti yako ya viungo inatangaza vidonge vya nguvu za kiume na wewe huna habari.

Ya milioni tatu mara nyingi ni duka kamili, lenye kikapu na malipo ya kadi na ya simu yanayojithibitisha yenyewe. Malipo hayo yanataka nyaraka za biashara, na mwenye mtambo anakata asilimia kila muamala. Mama Viungo, una bidhaa ngapi?

Mama Viungo, Tabata

Saba.

Mpika Tovuti

Basi duka la nini? Kitufe cha WhatsApp na Lipa Namba vinakutosha kabisa. Ila usinitumie nembo kwa WhatsApp ikiwa imekatwa sikio, halafu useme maelezo "utajaza mwenyewe, si unatujua". Na kijani kikishakuwa kijani, tukubaliane ni kijani.

Kijana wa Kariakoo

Mimi sina tovuti na sitengenezi. Katalogi ya WhatsApp Business bure, duka langu lipo kwenye ramani ya Google bure, wateja wanakuja. Milioni nitaongezea mzigo.

Fundi Sofa, Keko

Dogo, kwa rejareja uko sahihi. Lakini mwenzako anataka supamaketi. Mimi oda ya viti vya ofisi nilipigwa chini kwa sababu ya kutuma bei kwa barua pepe ya bure, ile yenye mwaka wangu wa kuzaliwa mwishoni.

Mama Viungo, Tabata

Nimerudi, wakuu. Wote watatu nimewatumia maswali matatu: domeini itasajiliwa kwa barua pepe ya nani, mwaka wa pili nitalipa ngapi, na nani anaandika maneno na kupiga picha.

Wa milioni tatu amesema akitoa duka inabaki 1,100,000, kumbe lilikuwemo na mimi sikuliomba. Wa laki tisa amejibu yote kwa sauti ya dakika sita, katikati mtoto analia, lakini kajibu: barua pepe ni yangu, mwaka wa pili Sh 150,000 domeini na hostingi pamoja, picha na maneno juu yangu. Wa 250,000 tiki mbili za bluu tangu juzi.

Nadhani nakwenda na wa laki tisa. Kuna anayemjua mpiga picha wa huku Tabata, Segerea, wa kupiga pakiti saba za viungo bila kunitoza bei ya harusi?