Nyumba ya magogo Msanga Mkuu: nimwite fundi, mhandisi au watu wa dawa ya mchwa?

Mnunuzi_Shangani
Wakuu, habari za jioni. Kuna nyumba inauzwa ng'ambo ya Mtwara mjini, Msanga Mkuu, na nimeipenda kweli. Ni magogo ya mkaratusi yenye dawa, yamelazwa moja juu ya jingine kwenye msingi wa zege, na paa ni la makuti. Mwenyewe kaipaka vanishi mpya, inang'aa. Nataka ikaguliwe kabla sijatoa hela. Njia ninazoziona ni tatu: fundi seremala wa hapa mjini, nimlipe siku yake na nauli ya kivuko, mhandisi kutoka Dar, ghali kwa sababu ya safari na malazi, ila anaacha ripoti ya maandishi, na watu wa dawa ya mchwa, ambao wanasema kukagua ni bure. Naelemea hao wa bure. Mnasemaje?

Mzawa_wa_Ligula
Bure hiyo italipwa kwenye dawa, mkuu. Sisemi ni waongo. Ila watatafuta mdudu, na maji yanayoozesha gogo si kazi yao.

Kenchi_na_Papi
Mkuu, nimefanya kazi za mbao miaka mingi, ngoja nieleze kwanza mkaratusi unavyoharibika, halafu utajua nani wa kumwita.

Dawa ile ya kijani inaingia kwenye ganda la nje la mti, sehemu changa. Kiini hakiinywi. Gogo likishakauka linapasuka, na ufa ukifika kwenye kiini mchwa wana mlango. Hapo wanakula ndani na kuliacha ganda kwa sababu lina dawa. Kwa nje unaona gogo zima, tena lenye vanishi. Ni hivyo hivyo kila mahali fundi alipokata ncha au kutoboa tundu la bolti bila kurudishia dawa.

Kwa hiyo anza na gogo la kwanza juu ya msingi, nyumba nzima kwa kuzunguka. Gonga kwa nyundo kila baada ya hatua moja. Gogo zima linajibu kwa mlio mkavu, lililoliwa linatoa mlio mzito, wa uwazi. Ukisikia hivyo, choma kwa bisibisi kwenye ufa. Ikizama bila nguvu, pana tatizo. Halafu tazama nyufa zinazoangalia juu: hizo ndizo zinazokinga maji ya mvua. Zinazoangalia chini hazina shida sana. Kisha pembe za nyumba, ambako ncha za magogo zinatokeza nje ya upenu na kunyeshewa, na chini ya madirisha. Mwisho panda juu ukague kenchi kwa tochi, maana makuti yakivuja huoni doa kama kwenye dari.

Ukiona njia za udongo zinapanda msingi, hao ni mchwa wa ardhini. Punje ndogo ngumu za kahawia zilizojikusanya chini ya kitundu ni za mchwa wa mbao kavu, ambao hawahitaji kugusa ardhi kabisa. Unga laini ni bungua. Kila mmoja ana tiba yake, na ndiyo maana dawa isitajwe kabla mdudu hajajulikana.

Bibi_wa_Mikindani
Wanangu, hata huku kwetu kwenye nyumba za mawe na chokaa ni yale yale. Boriti za mikoko katikati ya chumba utazikuta ngumu kama chuma, lakini ncha zilizofukiwa ukutani zimeoza kwa maji yanayoteremka na ukuta. Angalia mbao inapogusa kitu kingine. Mwanangu, usinunue kwa sababu ya rangi.

Mnunuzi_Shangani
Shikamoo bibi, nashukuru. Kenchi, kwa hiyo fundi anatosha? Na kile kipima unyevu kinasaidia?

Kenchi_na_Papi
Kinasaidia. Mbao iliyo chini ya asilimia 20 haiozi. Ikikaa juu ya hapo muda mrefu, fangasi wanaanza kazi. Lakini nyumba ipo ufukweni: chumvi na ile dawa ya kijani vyote vinapandisha namba. Linganisha gogo na gogo, la upande wa bahari na la ukuta wa ndani, usiamini namba moja peke yake. Na kama unaweza, pima baada ya mvua, Machi au Aprili. Oktoba kila nyumba ni kavu.

Mhandisi_Mstaafu
Fundi anatosha kujua kama kuna ubovu. Hatoshi kukuambia ukuta utabeba paa au la. Ushauri wangu: mpeleke fundi kwanza. Asipopata kitu, mhandisi wa nini? Akikuta magogo mawili matatu yanayolia uwazi, hapo mlete mhandisi, na jina lake ulihakikishe Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Wapo wenye drili ya sindano nyembamba inayopima ukinzani wa mbao hadi kwenye kiini na kuchora mchoro. Hapo unajua ni unene gani mzima umebaki. Mwambie pia afungue bolti chache. Hewa ya bahari inakula chuma hata pale mbao ni nzima.

Mzawa_wa_Ligula
Na wale wa dawa?

Mhandisi_Mstaafu
Waje mwisho, wakiwa na dawa iliyosajiliwa TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Dawa inaua mdudu, hairudishi nguvu ya gogo lililoliwa. Gogo bovu linakatwa na kubadilishwa, na kazi hiyo iingie kwenye bei.

Mnunuzi_Shangani
Nimewaelewa wakuu. Jumamosi nakwenda na fundi. Nimeshampigia mwenye nyumba kuomba ruhusa ya kuchoma bisibisi na kutoboa, amekubali kuchoma tu.

Kenchi_na_Papi
Basi beba na patasi ya kukwangulia vanishi kwenye lile gogo la chini, na umwombe kibali hicho pia kabla hamjavuka. Akikataa hata hilo, usitoe kishika uchumba.