Ushuru wa kutuma pesa kutoka Marekani: mbona alipe asiye na akaunti?

Tangu Januari 1, 2026, ukienda kwenye duka lililoko Marekani kutuma pesa nje ya nchi hiyo, ukalipa kwa noti mkononi, serikali inakata asilimia 1, mbali na ada ya kampuni. Ukituma kutoka akaunti ya benki ya huko au kwa kadi ya huko, hukatwi. Pendekezo la kwanza katika bunge la Marekani lilikuwa asilimia 5 kwa wasio raia. Ikashuka hadi 3.5, kisha 1 kwa yeyote anayelipa taslimu, na wengi wakasema tumepona.

Mimi sikubali. Anayebaki kukatwa ni nani? Ni yule anayelipwa taslimu kwa kuosha vyombo hotelini, anayesubiri kesi ya kuomba hifadhi ya ukimbizi, aliyefika juzi. Akituma dola 300 kila mwezi, kwa mwaka zimeondoka dola 36. Kwa Kenya hizo zinakaribia mifuko miwili ya mbolea ya ruzuku, na mama yake shambani ndiye atakayeikosa.

— Ndugu yangu, si afungue akaunti? akaniuliza rafiki mmoja. Kodi yenyewe imemwonyesha njia. Taslimu haina kumbukumbu, na wahalifu hupita humo humo. Nchi ina haki ya kujua pesa zinakwenda wapi.

— Kujua ni sawa, na kampuni za kutuma pesa tayari zinadai kitambulisho. Kuhusu akaunti, hapo ndipo penye uchungu. Sheria ya Marekani haikatazi benki kumpokea mgeni mwenye pasipoti ya kwao na namba ya mlipakodi. Lakini kila benki ina masharti yake. Mimi nilirudishwa kaunta mara mbili kwa kukosa namba ya hifadhi ya jamii (Social Security), ile wanayopewa raia na wenye kibali cha kazi. Tawi la tatu, pasipoti ile ile, nikafunguliwa kwa dakika arobaini. Je, aliyerudishwa mara moja akaogopa kurudi?

— Hapo nakuelewa, dada. Basi lawama ni ya benki, si ya kodi.

— Ni ya vyote viwili. Mwaka 2024 Wakenya wa ughaibuni walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na zaidi ya nusu zilitoka Marekani. Balozi zetu zingekuwa na orodha ya benki zinazopokea pasipoti, mtu angejua aanzie wapi. Wewe msomaji uliyefungua kwa pasipoti, ulienda mji gani, na walikuomba karatasi zipi?