Mrejesho: matairi mapya ya pikipiki

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nibadilishe tairi la nyuma tu, lililolika katikati hadi likawa bapa, au yote mawili. Nimefunga Michelin Road 6 mbele na nyuma, saizi zilezile: 120/70 na 180/55, rimu za inchi 17.

Aliyenikumbusha kusoma tarakimu nne za ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa, asante sana. Jozi ya kwanza niliyoletewa ilikuwa imekaa stoo miaka, nikaikataa.

Kilomita 150 za mwanzo nilienda taratibu mpaka utelezi wa upya ukaisha. Zamani kwenye kona pikipiki ilikuwa inagoma kulala, yaani kuinamia upande wa kona, halafu ghafla inainama kwa mkupuo. Sasa inalala polepole, mfululizo. Kwenye mvua ndiko nilikofurahi zaidi, nashika breki bila moyo kuruka.