Klabu ya gofu Dodoma: tutajiendeshaje viingilio vya wanachama wapya vikipungua?

Mweka Hazina, Dodoma

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Mimi ni mweka hazina wa klabu ndogo ya gofu ya mashimo 9 iliyoko pembezoni mwa jiji la Dodoma, na ninaomba ushauri wa yeyote aliyewahi kuendesha klabu ya michezo. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, tumekuwa tukipokea wanachama wapya kila mwaka, na kila anayejiunga hulipa kiingilio ambacho ni kikubwa kuliko ada ya mwaka. Fedha hiyo ndiyo iliyokuwa ikilipa mishahara ya watunza uwanja, umeme wa pampu ya kisima na vipuri vya mashine za kukata nyasi. Sasa wimbi la wanaohamia limetulia na viingilio vimepungua, na nikipitia daftari naona wengi wa waliojiunga hawalipi ada ya mwaka wa pili. Hawagombani na mtu wala hawaandiki barua, wanapotea tu.

Kamati imegawanyika. Wapo wanaotaka ada ipandishwe, wapo wanaotaka kiingilio kifutwe ili watu waje kwa wingi, na wapo wanaotaka tukope benki tujenge ukumbi wa harusi. Naomba mnielekeze tuanzie wapi kabla kiangazi hakijatubana.

Katibu Mstaafu, Morogoro

Ndugu mweka hazina, pole na majukumu. Kiini cha tatizo umekitaja mwenyewe: kiingilio hulipwa mara moja, ilhali nyasi hukatwa kila wiki. Chukua mfano. Tuseme gharama za mwaka ni shilingi milioni 90 na wanachama wanaolipa ni 100; kila mmoja anatakiwa kuchangia shilingi 900,000 ili klabu isimame. Kama ada ni shilingi 600,000, kuna pengo la milioni 30, na kwa kiingilio cha shilingi milioni moja mnahitaji watu 30 wapya kila mwaka ili kulifukia. Hakuna mji unaoweza kuwaletea watu 30 wapya wa gofu kila mwaka bila kukoma. Marekani, ambako viwanja vilijengwa kwa wingi katika miaka ya 1990, viwanja vinavyofungwa vilianza kuzidi vinavyofunguliwa kuanzia mwaka 2006, na klabu zilizokuwa zikiendesha shughuli za kila siku kwa fedha za wanachama wapya zilikuwa miongoni mwa zilizoumia sana.

Kwa hiyo fungueni akaunti ya pili leo hii, viingilio vyote viingie humo, na fedha hiyo iguswe kwa mambo ya kudumu tu: pampu, mashine, mabomba na paa. Mishahara na umeme vilipwe kwa ada na kwa malipo ya wageni wanaokuja kucheza kwa siku. Mkishafanya hivyo, pengo litaonekana wazi kwenye mkutano mkuu, na mjadala wa kupandisha ada utakuwa wa hesabu badala ya hisia.

Kuhusu ukumbi wa harusi, nasema bila kuficha kwamba napinga. Harusi nyingi huwa Jumamosi, siku ambayo wanachama wenu wanataka utulivu na nafasi ya kuegesha magari, na mkopo utaanza kudai marejesho kabla ukumbi haujapata wateja. Hata mgahawa mlio nao uwe na hesabu zake peke yake, maana mara nyingi klabu hudhani mgahawa unaibeba kumbe klabu ndiyo inayoubeba.

Mtunza Uwanja, Iringa

Wakubwa zangu wamezungumzia mapato, mimi niseme juu ya maji, kwa sababu huko ndiko fedha za klabu ya Dodoma zinakopotelea. Mvua yenu kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki mnamwagilia kwa kisima.

Sasa piga hesabu hii. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Grini, yaani eneo la nyasi fupi sana lenye shimo, moja ikiwa na mita za mraba 500, grini 9 ni mita za mraba 4,500, na ukimwagilia milimita 5 kwa siku unatumia lita 22,500. Lakini ukitaka kumwagilia na njia za katikati, yaani nyasi za kutoka sehemu ya kuanzia hadi kwenye grini, ambazo kwa mashimo 9 zinaweza kufika hekta 8, unahitaji lita 400,000 kila siku. Umeme wa kuvuta maji hayo utawafilisi, na kisima chenyewe huenda kisistahimili. Mwagilieni grini na sehemu za kuanzia, basi. Huko kwingine acheni ukoka ukauke. Ukoka haufi kwa kiangazi. Majani hugeuka rangi ya udongo, ila mizizi hubaki hai na mvua za Desemba zikinyesha unachipua upya. Wachezaji waelezwe mapema ili wasidhani uwanja umetelekezwa.

Mmwagilie alfajiri, kwa sababu upepo wa mchana wa Dodoma hupeperusha maji kabla hayajafika chini. Mtunza uwanja awe na bisibisi ndefu mfukoni: akiichomeka kwenye grini ikazama kwa urahisi, udongo bado una unyevu na siku hiyo hakuna kumwagilia. Pia pimeni chumvi ya maji ya kisima na muwe na kibali cha matumizi ya maji kutoka bodi ya bonde.

Mtumishi wa Umma, Dodoma

Kaka mweka hazina, mimi niliwahi kuacha klabu ya gofu katika mkoa mwingine, kwa hiyo naomba nikueleze upande wa hao wanaopotea. Sikuondoka kwa sababu ya ada. Niliondoka kwa sababu kila Jumamosi nilikuta makundi yameshapangwa ya watu wanaofahamiana, nami nikacheza peke yangu au nikakaa kibarazani. Mwanachama anayelipa shilingi 600,000 na kucheza mara sita ametoa laki moja kwa kila mzunguko, na ifikapo Januari, ada za shule zikiwa mezani, gofu ndiyo ya kwanza kukatwa.

Mpeni kila mwanachama mpya mwenyeji mmoja wa kucheza naye miezi ya mwanzo, hasa mwanamke anayejiunga peke yake. Msaidieni kupata haraka hendikapu, yaani kipimo cha uwezo kinachompa mchezaji dhaifu mapigo ya nyongeza; utaratibu wa dunia unaotumika tangu 2020 unahitaji mashimo 54 tu, yaani mizunguko sita ya uwanja wenu, na akishakuwa na hendikapu anaweza kushindana na mzoefu kwa haki. Katibu aangalie daftari la uchezaji kila mwezi, na asiyeonekana apigiwe simu ya kumjulia hali, bila kudaiwa chochote. Ada ilipwe kwa mwezi kwa simu.

Jambo jingine ni kalenda ya mji wetu. Watumishi huhamishwa, na wabunge huja kwa vikao, kile cha bajeti kikianza Aprili hadi Juni. Wekeni uanachama wa vipindi vya Bunge, na anayehamishwa aruhusiwe kulipa kiasi kidogo cha kutunza nafasi yake, ili akirudi asidaiwe kiingilio upya. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, hata aliyehamia Dar es Salaam anaweza kuja kucheza wikiendi.

Mweka Hazina, Dodoma

Nawashukuru sana. Nitapeleka kwenye kamati pendekezo la akaunti mbili, ada ya mwezi na daftari la uchezaji, na suala la ukumbi nitaomba liwekwe kando. Swali limebaki moja: tukipunguza kiingilio, waliolipa kikubwa zamani hawatadai warudishiwe tofauti?

Katibu Mstaafu, Morogoro

Watadai, na wana haki ya kujibiwa. Msikipunguze mwaka huu. Ruhusuni kilipwe kwa awamu ndani ya miezi 24, kiasi kikiwa kilekile. Mlango unafunguka kwa vijana, wa zamani hawana cha kulalamikia, na mnapata sababu ya kuonana na mwanachama mpya kila mwezi kwa miaka miwili.