Sabuni ya mche imetoka na mafuta: kusubiri, kurudisha jikoni au kutenga kwa chumvi?

MiseNaMawese
Wakuu, tulinganishe njia za kuokoa sabuni yenye mafuta. Mfano wa kuanzia ni huu: mawese kilo 6, mise (mafuta ya kiini cha mbegu ya mchikichi) kilo 2, alizeti kilo 2, kostiki (magadi makali ya kutengenezea sabuni, caustic soda) kilo 1.2, maji kilo 2.8. Siku nne kwenye kalibu, sabuni inakatika lakini inaacha mafuta mkononi, povu hafifu, juu ina utando wa njano. Njia zinazotajwa sana ni tatu:
1. Kuiacha ikauke wiki nne hadi sita.
2. Kuikwangua na kuipika upya kwa kuongeza kostiki.
3. Kuichemsha na kuitenga kwa chumvi.
Ipi inalipa ukiangalia kuni, muda na ubora?

KemiaJikoni
Mkuu, anza na kalamu kabla ya moto. Gramu moja ya mawese inahitaji kostiki gramu 0.141, mise 0.176, alizeti 0.135. Kwa hiyo 846 + 352 + 270 = gramu 1,468 ili mafuta yote yageuke sabuni. Ukitaka kubakiza asilimia 5 ya mafuta kwa ajili ya ngozi, unaweka gramu 1,395. Wewe umeweka 1,200, yaani takriban asilimia 18 ya mafuta hayana kostiki ya kuyageuza. Hayo yatabaki mafuta hata ukiyasubiri hadi mwakani, na alizeti iliyo humo itachacha: madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta ya juzi. Njia ya kwanza ifute kwenye orodha.

Pungufu yako ni gramu 195. Chanzo cha kawaida ni kuipa mise kiwango cha mawese kwa kuwa vyote vinatoka kwenye mchikichi. Kwa kilo 2 za mise kosa hilo peke yake linakula gramu 70. Chanzo cha pili ni kostiki iliyokaa wazi. Inavuta unyevu na hewa ukaa, sehemu yake inageuka magadi ya kawaida, na hayo hayageuzi mafuta kuwa sabuni. Wanaopima maji ya kostiki kwa haidromita (kifaa kinachoelea cha kupima uzito wa maji) wajue kipimo hicho hakioni tofauti, kwa sababu magadi nayo yanaongeza uzito wa maji.

MamaKalibu
Hesabu ni sawa, ila msomaji mwingine asikimbilie kuongeza kostiki kwa kuona mafuta tu. Chungulia chini ya kalibu kwanza. Ukikuta maji yanayoteleza na kuchoma huku mafuta yakielea juu, kostiki ipo yote, imejitenga tu. Hutokea hivi: mawese yakipoa chini ya nyuzi 40 huanza kuganda yenyewe, mkorogo unaonekana umekuwa uji mzito, unamimina, kumbe ni ubaridi. Ukiongeza kostiki hapo unatengeneza sabuni ya kuchubua ngozi.

Dawa yake: rudisha kila kitu kwenye sufuria, pamoja na yale maji ya chini (watu huyamwaga, halafu wanashangaa). Pasha hadi nyuzi 50 hivi, koroga kwa blenda ya mkono kwa vipindi vifupi mpaka mstari wa mwiko ubaki juu ya uji bila kuzama, kisha mimina. Bila blenda ni mwiko na subira, inaweza kuchukua saa nzima. Kazi hii ifanyike siku hiyohiyo. Ikishaganda vipande vipande, huna budi kuipika.

Pwani_Tanga
Kwa wa pwani kuna mafuta ya uongo. Msimu wa unyevu, sabuni yenye glisarini yake yote (majimaji matamu yanayozaliwa mafuta yakigeuka sabuni, huvuta unyevu) hutoka jasho. Chukua hilo tone ulitie kwenye kikombe cha maji. Likiyeyuka na kupotea ni jasho, futa kwa kitambaa kikavu, weka sabuni penye upepo, basi. Likielea kama duara ni mafuta. Manukato yakizidi gramu 30 kwa kilo ya mafuta pia huweza kutoka juu siku ya kwanza. Mengi hunywewa tena ndani ya siku mbili. Hapo peke yake ndipo kusubiri kuna maana.

FundiMche
Turudi kwenye mfano wa juu, njia ya pili. Vipimo ni vya uzito wa kilo 14, yaani mafuta, kostiki na maji kwa pamoja:

Kwangua sabuni, tia kwenye sufuria ya stenlesi na maji lita 1 hadi 1.5. Moto mdogo, funika, geuza kila dakika kumi mpaka ilainike yote kama viazi vilivyopondwa. Kwenye chombo kingine pima kostiki gramu 195 na maji gramu 400. Kostiki ndiyo inaingia kwenye maji, kamwe si maji juu ya kostiki. Glavu na miwani ya kukinga macho ni lazima.

Usiitie yote. Weka theluthi mbili, koroga dakika 20, pima, ndipo uongeze iliyobaki kidogo kidogo. Mkorogo ukianza kufura, toa motoni uendelee kukoroga. Pika saa moja hadi mbili, hadi ule weupe wa chengachenga uishe na sabuni ing'ae kama mafuta mazito ya kujipaka. Shindilia kwenye kalibu ikiwa ya moto, gonga kalibu chini kutoa mapovu. Itakuwa na uso wa mawimbi, si laini kama ya kumimina. Kwa dukani hilo ni tatizo, kwa nyumbani si kitu.

Sufuria za alumini hapana. Kostiki inaila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Hili nalirudia kila mada kwa sababu kila mada kuna mtu anaipuuza.

MiseNaMawese
Asante mkuu. Hapo uliposema "pima", unapima nini? Karatasi ya pH (ya kupima ukali) inatosha?

KemiaJikoni
Karatasi ya pH inakudanganya, sabuni nzuri nayo husoma 9 hadi 10. Pima mambo mawili. Mafuta: yeyusha kipande cha ukubwa wa punje ya harage kwenye glasi ya maji ya mvua ya moto. Yakibaki angavu au na ukungu mwepesi, vizuri. Ukiona macho ya mafuta juu, bado. Usitumie maji ya kisima yenye chumvichumvi, utando wake wa weupe utaudhani mafuta. Kostiki iliyozidi: poza kipande, kiguse kwa ncha ya ulimi. Ikishtua kama betri, kostiki ipo huru, endelea kupika dakika 20 halafu rudia. Mwenye fenolfthaleini (dawa ya maabara inayogeuka pinki ikikuta kostiki) ayeyushe sabuni kwenye spiriti, si kwenye maji, maana ndani ya maji hata sabuni salama itageuka pinki.

ChumviNaMoto
Natetea njia ya tatu, hasa kwa mafuta ya kukaangia yaliyotumika au mawese yenye uchafu. Faida yake ni kwamba huhitaji usahihi wa gramu: unaweka kostiki ya kutosha na kuzidi kidogo, kwa mfano huu gramu 300 badala ya 195, na ziada inaondoka na maji. Pipa au sufuria ijae nusu tu, sabuni hupanda. Kilo 14 kwa lita 14 za maji, chemsha hadi iwe rojo moja, tia kostiki iliyoyeyushwa, chemsha saa mbili. Kisha chumvi: anza na kilo 1.5, ongeza mpaka rojo likatike, yaani sabuni ijitenge, na maji safi yachuruzike kwenye mwiko. Funika hadi kesho yake. Mgando unakaa juu, uchafu na kostiki iliyozidi chini.

FundiMche
Na glisarini inaondoka pia, chumvi unanunua, kuni ni maradufu. Kwa mise au nazi nyingi itakusumbua, sabuni yake inavumilia chumvi, unaongeza na haikatiki. Kwa mfano huu wa mise asilimia 20 inawezekana, lakini kwa mafuta safi sioni sababu. Mafuta machafu, nakubaliana nawe.

MamaKalibu
Njia ya nne haijatajwa: kuimeza ndani ya sabuni ijayo. Pungufu ya gramu 195 ukiigawa kwa kilo 14 ni gramu 14 za kostiki kwa kila kilo ya sabuni mbovu. Kwangua kilo 1, yeyusha ndani ya mafuta ya moto ya kilo 10 zinazofuata, ongeza hizo gramu 14 juu ya hesabu ya kawaida. Huna moto wa ziada wala uso wa mawimbi. Shida ni muda, kilo 14 zinahitaji mapishi 14, na alizeti haikusubiri. Kwa kiasi hiki ningepika kilo 10 leo kwa njia ya pili, nimeze 4. Ikiwa imekaa wazi wiki kadhaa imepoteza maji, basi ipime upya uzito kabla ya kugawa.